Kengeleni, Rabai au Shimoni: una siku moja tu, uende wapi?

Kila Agosti shule zikifungwa, nyumba yangu hapa Mombasa hujaa watoto wa ndugu zangu kutoka bara. Siku tatu za mwanzo ni za kuogelea Pirates na kula viazi karai. Ya nne, mmoja wao hukumbuka kuwa ana kazi ya shule. Mwaka jana zamu ilikuwa ya mpwa wangu wa Gredi ya 8, aliyeambiwa aandike juu ya kiongozi aliyepigana na utumwa. Alikwisha kumchagua Harriet Tubman. Sina neno na Tubman: alitoroka Maryland mwaka 1849, akarudi mara nyingi kwa siri na kuwatoa watu wapatao 70. Lakini nikamwuliza, "Na wa huku kwetu je?"

"Kwani huku kulikuwa na nani, shangazi?"

Na asubuhi ile ile alikuwa amepita Kengeleni ndani ya matatu, manamba akiita "Kengeleni wa kushuka!", asijue hiyo kengele ililia kwa ajili ya nini.

Tangu hapo nimewapeleka makundi matatu mahali patatu tofauti penye historia ya utumwa, yaani Kengeleni, Rabai na Shimoni, na kila mara naulizwa na wazazi wenzangu: tukiwa na siku moja, twende wapi? Hapa najaribu kujibu. Fort Jesus siiweki kwenye mizani, kwa sababu mtaenda tu hata nisiposema. Pale utumwa ni habari moja kati ya nyingi, nyuma ya Wareno, Waomani na gereza la Mwingereza.

Kwanza shika miaka miwili, la sivyo hutaelewa tofauti ya mahali hapa patatu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yake. Mwaka 1907 ndipo utumwa wenyewe ulipofutwa kisheria katika pwani yetu. Kati ya hapo kuna miaka 34. Aliyekamatwa ndani ya jahazi baada ya 1873 alikuwa na sheria upande wake. Aliyekuwa tayari analima shamba la bwana wake Malindi au Takaungu, huyo alibaki mtumwa, na akitoroka yeye ndiye mkosaji. Kengeleni ni habari ya wale wa jahazini, Rabai zaidi ni ya watoro wa mashambani. Shimoni ni ya wale ambao hakuna aliyewafikia kwa wakati.

Kengeleni

Ndipo karibu zaidi na rahisi zaidi. Ukitoka kisiwani unavuka daraja la Nyali, unashuka steji, kengele hiyo hapo njia panda, imening'inizwa juu ya nguzo zake huku matatu na tuktuk zikiizunguka kutwa. Inasemekana ilipigwa kuwaonya wakazi kila walipowaona wenye watumwa wakija. Hatua chache kutoka hapo liko kanisa la Emmanuel la Frere Town, mtaa ulioanzishwa kwa ajili ya waliokombolewa, na makaburi. Kwa nauli ya matatu na chupa ya maji umemaliza ziara.

Jina Frere linatokana na Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza kumshawishi Barghash, akafika Zanzibar mwanzoni mwa 1873. Hapa watoto huwa nawaambia ukweli wote: Frere hakufaulu. Barghash alimkatalia, Frere akaondoka, na sahihi ikapatikana baadaye kwa mkono wa balozi John Kirk, baada ya Sultani kutishiwa kwamba manowari zitamzingira kisiwani kwake. Hivyo mtaa umepewa jina la mtu aliyerudi mikono mitupu. Aliyekuja kufanya kazi ni kasisi W. S. Price wa Church Missionary Society, mwishoni mwa 1874. Alinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, na kuanzia 1875 meli za kivita za Kiingereza zikawa zinawashusha hapo watu waliotolewa majahazini.

Lakini kazi ya kila siku haikuwa ya Price peke yake. Walikuwapo wale wanaoitwa Waafrika wa Bombay: watu walioibwa wakiwa watoto, wakakombolewa baharini, wakapelekwa India na kusomeshwa Sharanpur karibu na Nasik, kisha wakarudishwa pwani hii wakiwa mafundi, walimu na wahubiri. Mmoja wao alizaliwa Myao kwa jina Chengwimbe, India akawa Matthew Wellington. Alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya Livingstone kutoka bara hadi pwani, kisha akaishi huku kwetu na kufariki mwaka 1935. Mpwa wangu alilisoma jina la Wellington kwenye karatasi yangu akadhani ni Mzungu. Ndivyo ilivyokuwa: mtu alipokombolewa alipata uhuru na jina jipya kwa pamoja, na hilo la pili hakuna aliyemwuliza kama analitaka. Mpaka leo Frere Town na Rabai utakutana na wazee wenye majina ya ukoo ya Kiingereza ambayo hayakutokana na ndoa wala cheo.

Kuna jambo ambalo vibao havitakuambia. Mwaka 1881 ilizuka kashfa: J. R. Streeter, mlei aliyekuwa msimamizi wa Frere Town, alikuwa akiwachapa viboko na kuwafungia watu wale wale walioletwa pale wawe huru. Ikafanyiwa uchunguzi, na hatimaye akaondoka. Wale Waafrika wa Bombay nao walikuwa wakilalamika kwamba wanadharauliwa na kulipwa kidogo kuliko wamisionari wazungu. Ukiwa na vijana wakubwa, hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu kazi nyingi za shule humaliza habari mtumwa anapofunguliwa pingu.

Na kuna utamu mmoja wa lugha. Familia ya Mbotela ni ya Frere Town. James Mbotela aliandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, kikawafundisha kusoma watoto wa vizazi kadhaa, ingawa ukikisoma leo utaona kinamsifu Mwingereza kupita kiasi na kumbebesha Mwarabu lawama zote. Wa ukoo huo huo, Leonard Mambo Mbotela, ndiye aliyekuwa akituuliza redioni kila wiki, "Je, huu ni ungwana?" Sisi tulidhani ni suala la adabu tu, kama vile kutema mate barabarani. Lakini mwungwana katika Kiswahili cha wazee ni mtu asiye mtumwa. Mzao wa waliokombolewa kushika swali hilo mkononi na kuliuliza taifa zima! Kila nikilieleza hapo chini ya kengele, watu wazima hucheka kisha wananyamaza.

Ubaya wa Kengeleni ni kwamba pasipo na mtu wa kueleza hapana kitu. Hakuna makumbusho, kelele ni nyingi, mtoto ataitazama kengele dakika tano halafu ataomba maji ya ukwaju. Kanisa nalo ni kanisa hai, lina waumini, harusi na mazishi. Usifike Jumapili saa ya ibada na kamera shingoni. Piga hodi ofisini siku ya kazi.

Rabai

Ni kama kilomita 25 kutoka mjini. Unashika barabara ya Nairobi hadi Mazeras, unakata kulia barabara ya Kaloleni, na baada ya mwendo mfupi katikati ya minazi umefika. Magari ya Kaloleni yanapita hapo hapo. Siku ya jua kali utafurahi, maana pana upepo wa mlimani na madafu ya bei ya kijijini. (Pombe ya mnazi pia ipo, na Warabai wanajua kuigema. Hiyo si ya safari ya watoto.)

Wageni wengi hupelekwa kwa ajili ya wamisionari Wajerumani, Krapf na Rebmann. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, na mwaka 1846 akahamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Jumba la makumbusho limepewa jina la Krapf, na nyumba walizokaa bado zinaonyeshwa. Ni habari nzuri, na mwelekezaji ataitoa kwa ufasaha. Msikilize, kisha umwombe kwa heshima: "Mzee, sasa tueleze watoro."

Hapo ndipo Rabai inapowapita wenzake wawili. Katika miaka ya 1870 na 1880, watumwa waliochoka na mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia bara. Wengine walijiunga na Mbaruk bin Rashid wa Gasi, kiongozi wa Mazrui aliyempinga Sultani, wengine walielekea Witu, usultani mdogo karibu na Lamu, na wengine walianzisha vijiji vyao wenyewe. Kimoja kiliitwa Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, chini ya David Koi, Mgiriama aliyekuwa Mkristo. Hakutumwa na meli wala mkataba. Alipokea watoro, wakalima, wakasali, mpaka mwaka 1883 kijiji kiliposhambuliwa na yeye akauawa. Leo Mombasa nzima utapata shida kumpata mtoto anayelijua jina la Koi, na mimi mwenyewe nililijua nikiwa na umri wa miaka arobaini na kitu.

Wengi kati ya watoro waliishia Rabai kwenyewe, chini ya William Jones. Huyu Jones ndiye ningependa kila mtu atoke Rabai akimjua. Myao, aliuzwa akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa India, akaletwa Rabai mwaka 1864. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi pamoja na mwenzake Ishmael Semler, na miezi michache baadaye akaondoka naye kwenda Uganda. Hannington akauawa Busoga. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu ya msafara, ndiye aliyewarudisha wapagazi waliobaki hadi Rabai mwanzoni mwa 1886, wamebeba bendera iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Hebu ifikirie bendera hiyo ikipanda kilima kile.

Huyo ndiye aliyekuwa mlezi wa kituo wakati watoro walipojaa. Wamisionari wa Kizungu walikuwa kwenye mtego, kwa sababu mkataba wao na wenye nchi uliwakataza kuwaficha watumwa wa watu. Wenye watumwa wa Mombasa walikuwa wametishia zaidi ya mara moja kuja kuwachukua kwa nguvu. Mwaka 1888 Kampuni ya Imperial British East Africa ilipokuja kufanya biashara, mkuu wake George Mackenzie aliona hawezi kupitisha misafara ikiwa pwani yote imekasirika. Akaamua kuwalipa mabwana. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, watoro wakaanza kupewa hati zao za uhuru. Kwa jumla ya vituo vya misheni walikuwa zaidi ya 1,400.

Nilipowaeleza hayo, tukiwa tumekaa kwenye kivuli nje ya makumbusho, mpwa wangu alikuwa anamenya chungwa. Akaacha kumenya.

"Hizo pesa walipewa watumwa?"

"Walipewa mabwana."

"Kwa hivyo aliyeiba ndiye aliyelipwa?"

Mwelekezaji akacheka, akanitazama mimi nijibu. Nilimwambia ndivyo ilivyokuwa hapa mwaka 1889, ndivyo ilivyokuwa tena 1907, na ndivyo Uingereza ilivyofanya ilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833: pauni milioni 20, zote kwa waliokuwa wakimiliki watu. Chungwa lilibaki mkononi, nusu limemenywa, mpaka tulipoinuka.

Sitaki ufikiri Rabai ni mahali pa malaika. Katika njaa za miaka ya 1880 wapo Wamijikenda walioweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani ili wapate chakula, na baadhi hawakurudi. Wenyeji wenyewe hawakuwapenda siku zote hawa wageni waliojazana kwenye ardhi yao, na mpaka leo utasikia neno Wamisheni, yaani watu wa misheni na uzao wao, likitajwa kwa sauti ambayo si ya sifa wala si ya tusi. Mzee mzuri atakuambia hayo. Mzee mvivu atakuonyesha kitanda cha Mzungu na kitabu cha wageni, basi.

Kama muda upo, uliza habari za makaya ya Rabai, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Haya si ya kuingia ovyo. Yana wazee wake na miiko yake.

Shimoni

Hapa nitasema kwa ufupi, ingawa najua ndipo wengi wanapotaka kwenda, kwa sababu picha zake ni nzuri.

Ni mbali, karibu kilomita 80 kusini. Unavuka feri Likoni (mwenye gari anaweza kuzungukia Dongo Kundu), unapita Ukunda na Msambweni, kisha kabla ya Lunga Lunga unakata kushoto kufuata bahari. Sisi gari tulilokodi lilipasuka tairi nje ya Msambweni, jeki haikuwemo, tukafika saa nane mchana watoto wamenuna. Panga siku nzima, na pesa ya kutosha.

Pango lenyewe linatisha. Unashuka ngazi, baridi inakupokea, popo juu, mawe yamechuruzika kama nta ya mshumaa. Unaonyeshwa vyuma vilivyobaki, unaambiwa watu walifungwa hapa wakingoja majahazi. Panasimamiwa na wanakijiji wenyewe, na ada inabaki kijijini, jambo ninalolipenda sana. Mtu mzima anayetoka humo bila donge kooni sijamwona.

Ila mimi naliweka la tatu, na sababu yangu ni moja. Mle ndani hamna mtu. Namaanisha hamna jina hata moja: nani alifungwa, nani alikataa, nani alitoroka. Pia wapo wenyeji wanaosema pango lilikuwa zaidi mahali pa tambiko na pa kujificha wakati wa uvamizi, na masimulizi hayo mawili hayajapatana. Kwa kuhisi uzito wa jambo, Shimoni inatosha. Kwa kujifunza nani alifanya nini, utatoka na majonzi na daftari tupu. Tena watoto wadogo huogopa popo, wasikumbuke kingine.

Sasa uchague

Ukiwa na watoto wa chini ya miaka kumi, nenda Kengeleni saa tatu asubuhi kabla jua halijachoma, waeleze kengele na jina la Chengwimbe, kisha wapeleke ufukweni. Usiwabebeshe zaidi.

Vijana wa sekondari na Gredi za juu, Rabai bila kufikiri mara mbili. Ukiondoka mjini saa mbili asubuhi, unaweza hata kushuka Kengeleni kwa nusu saa halafu urudi kisiwani upande gari la Kaloleni, na saa kumi uko nyumbani. Hiyo ndiyo siku ninayoipendekeza mimi, maana wanaona kwanza uhuru ulioletwa na meli, kisha uhuru uliofuatwa kwa miguu.

Mgeni mtu mzima kutoka nje, hasa Mmarekani mweusi aliyekuja kutafuta alama, ataomba Shimoni, na usimkatalie. Mpeleke. Lakini mwahidi na siku ya Rabai, na umweleze mapema kwamba huku bahari iliyobeba watu ni Bahari ya Hindi, si Atlantiki, na kwamba mambo ya nani alikuwa bwana na nani mtumwa hayakufuata rangi kama ilivyokuwa kwao.

Na kuna neno moja kwa makundi yetu ya Mombasa, ambamo nusu ya watoto ni wa madrasa na nusu ni wa Jumapili. Hadithi ya Frere Town ikisimuliwa kivivu hugeuka kuwa Wakristo wema na Waislamu wabaya, na mtoto wa madrasa atarudi nyumbani ameinamisha kichwa. Mkumbushe kwamba kumwacha mtumwa huru kwa ajili ya Mungu lilikuwa jambo la thawabu lililofanywa na Waislamu wengi wa pwani hii, kwamba aliyetia sahihi mkataba ni Sultani Mwislamu hata kama alishurutishwa, na kwamba aliyeshika kiboko Frere Town mwaka 1881 alikuwa mtu wa misheni. Hesabu ya haki haitakaa sawa, ila kila mtoto atapata pa kusimama.

Rabai beba pesa taslimu kidogo za kiingilio na za mwelekezaji, viatu vya kufunga, na maswali yaliyoandikwa. Piga simu kabla kama mko zaidi ya kumi.

Mpwa wangu hakumwacha Tubman. Alimweka ukurasa wa kwanza, Koi na Jones ukurasa wa pili, na bendera ya Ikabodi akaichora kwa kalamu ya wino, herufi moja imepinda. Kazi ilirudi Septemba na alama nzuri. Pembeni ya ukurasa wa pili mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Huyu Jones ni nani?"